Kofia ya Mwanga Porini Ugalla

Land Cruiser nyeupe iliacha barabara ikatumbukia porini.

Kasilda akaifuata kwa pikipiki ya Honda XL, vumbi likimkaba koo.

Redio ikakwaruza sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Mzinga, gari unaliona?"

"Naliona. Jitu linaendesha kama limechelewa harusi."

"Kofia irudi nzima. Dokta arudi mzima. Askari wa wanyamapori wako nyuma yako, lakini mbali."

"Na mwizi?"

"Vyovyote atakavyokuwa."

Asubuhi hiyo Kreutz, mgeni anayevusha pembe za ndovu, alikuwa amevamia zahanati moja Nsemulwa. Alimteka Dokta Immaculata pamoja na kofia yake ya utafiti. Kofia ile hupenyeza mwanga hafifu kwenye fuvu na kupima damu inavyokimbilia huku na huko, kisha kompyuta huchora sehemu za ubongo zinazofanya kazi pamoja. Dokta aliitumia kuwachunguza watoto wenye kifafa. Kreutz aliamini inasoma uongo.

Mpumbavu.

Kasilda alikuwa amekamata wezi wengi, ila mwizi asiyejua alichoiba alimtia kinyaa.

Aliacha pikipiki, akatambaa hadi kwenye kambi ya Kreutz, karibu na mto. Chini ya turubai, wapagazi watatu walikuwa wamefungwa kamba. Mmoja alikuwa Oswaldi, mrina asali aliyeingia upagazi huku akiipa serikali habari za Kreutz kwa siri. Walinzi wawili, AK-47 mikononi.

"Kati yenu yuko msaliti," Kreutz alisema. "Mashine itamtaja. Mto una mamba."

"Haimtaji mtu," dokta akasema. "Nimeshakwambia. Inaona damu, haisomi mawazo."

"Mvalishe yule!"

Kidole kilimwelekea Oswaldi. Mzee wa watu alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kwa hakimu kama Kreutz, kutetemeka tu kulitosha kumpeleka mtoni.

Kasilda akaficha bastola yake ya Glock na redio kwenye majani. Akatoka, mikono juu.

"Mwache huyo mzee. Unayemtafuta ni mimi."

Wakamrukia, wakamfunga mikono mbele, wakamkalisha kwenye kigoda.

"Mwanamke?" Kreutz akacheka. "Haya, tutaona."

Dokta akamvalisha kofia, akizitenganisha nywele ili mwanga ufike kwenye ngozi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Kasilda akamtazama machoni mara moja, kisha akatazama kamba.

Dokta akaelewa.

"Mfungueni mikono," alisema.

"Ya nini?"

"Lazima kwanza agonge vidole, mashine izijue sehemu zinazoendesha mikono. Bila hivyo picha haitoki. Au hujui unachokitumia, bosi?"

Hilo lilimchoma. Kreutz alikuwa radhi afe kuliko aonekane hajui mbele ya watu wake.

"Najua! Mfungue!"

Kamba ikaanguka. Kasilda akagonga vidole mapajani, taratibu. Kwenye kompyuta madoa mawili mekundu yakawaka, mstari ukayaunganisha.

"Ona! Anadanganya!" Kreutz akapaza sauti.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hata swali moja.

Kreutz aliinama kwenye kioo cha kompyuta, mdomo wazi. Walinzi nao wakasogea kutazama, bunduki zikining'inia mabegani. Wote watatu walikuwa wanaukodolea macho ubongo wake.

Mikono yake hawakuiangalia.

Bastola ya Kreutz, Beretta, ilikuwa kiunoni mwake, shubiri moja tu kutoka mkono wa Kasilda. Akaichomoa, akaibandika nyuma ya sikio la Kreutz.

"Waambie waweke chini."

"Wekeni! Wekeni chini!" Sauti ilimtoka kama ya mwanambuzi.

Bunduki zikaanguka. Dokta akamfungua Oswaldi, naye akazikusanya.

"Dada," alinong'ona, "ingenitaja kweli?"

"Hii? Hata jina lako haijui, mzee wangu."

Askari wa wanyamapori walipofika, Kreutz alikuwa amefungwa chini ya turubai lake mwenyewe, suruali imelowa.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Kasilda akavua kofia polepole, akamkabidhi dokta kwa mikono miwili. Dokta akaipakata kama kichanga, machozi yakimlengalenga.

Redio ikakwaruza majanini. Kasilda akaiokota.

"Mzinga, unahitaji nini huko?"

"Pingu tatu. Na suruali moja."

Akarudi kwenye Honda, akaipiga kiki, akashika njia ya Mpanda bila kugeuka.