Sella Alifunga Mpaka Ndege Itue

— Sella, hebu onja huu mchuzi kama chumvi imeshika.

— Siwezi, Dada Nabalayo. Mtu wangu bado yuko angani.

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi nyuma ya nyumba ya Mzee Gachanja, pale Kabiro, wakaangua kicheko.

— Tangu jana asubuhi? Hiyo ndege inasukumwa?

— London mpaka Paris ni siku mbili. Aliniambia mwenyewe.

Mwaka huo wa sabini na saba Sella alikuwa akifagia zahanati moja Kibera. Mchumba wake Wepukhulu alikuwa London akisoma, na kwa ajili yake Sella alikuwa amekataa posa ya fundi Omolo. Juzi simu ya zahanati ililia.

— Kesho napanda ndege kwenda Paris, mpenzi. Ni mbali, siku mbili. Unifungie, na usitoke nyumbani.

— Nitafunga mpaka utue.

Kanisani kwao ilikuwa hivyo: mtu wako akipanda ndege, huli mpaka afike. Sauti ilisikika karibu kama ya jirani, naye akamshukuru Mungu kwa simu nzuri.

Asingetoka, ila Nabalayo alikuja kumlilia. Binti wa Mzee Gachanja, mwenye ploti, anachumbiwa, wapangaji wote wameitwa kupika, mikono haitoshi.

Vigelegele vikalia. Wageni wakaingia sebuleni, Sella akapewa birika na beseni awanawishe. Mgeni wa tatu aliponyoosha mikono, Sella akamimina, akainua macho, akaendelea kumimina mpaka maji yakamwagikia zulia.

— Wepukhulu! Si uko angani?

— Mnajuana? akauliza Waceke, bibi harusi mtarajiwa.

— Alikuwa akitufulia nguo, akasema Wepukhulu bila kupepesa.

— Uliniambia Paris ni siku mbili!

Waceke akacheka mpaka akashika mbavu.

— Siku mbili? Mimi na yeye tumepanda hiyo ndege, mama. Ni kama saa moja! Hata chai hujamaliza, mnashuka.

Sebule nzima ikacheka. Sella akatoka na beseni lake, Wepukhulu akamfuata mpaka ukumbini.

— Nilikuambia usitoke! Nilijua ukifunga utajifungia ndani, usije kunililia mbele ya wakwe.

— Ukamfanya Mungu wangu kufuli.

— Enda nyumbani, Sella. Utaniaibisha.

— Na hii miaka nimekungoja?

— Nani alikutuma?

Akarudi kwa wakwe zake. Sella akamwaga maji, akaketi kwenye kigoda kando ya sufuria.

— Dada Nabalayo, nipakulie.

— Na kufunga kwako?

— Niliahidi mpaka atue. Ametua. Weka na nyama.

Ndani, wazee wakasimama kuwaombea wachumba. Huku nyuma wanawake wote wakaitikia Amina, isipokuwa Sella. Kinywa chake kilikuwa kimejaa.