Msiba wa Wapagazi

Gavana wa shaba, sanamu ya enzi za ukoloni, alipiga magoti bila kuguswa na mtu. Chembeundi, yaani vijiroboti vidogo kuliko punje ya ulezi, vilikuwa vimeenea katika shaba yake yote, vikiilainisha na kuifinyanga kufuata mwili wa mtu aliyevaa joho la hisia. Aliyelivaa ni mhandisi Tunu Shemhina, naye alikuwa amepiga magoti.

Watu waliojaa uwanja wa jiji la Pangani walimtazama wakiwa wamekunja mikono. Alasiri hiyo Baraza lingeamua sanamu ibaki au itoswe baharini. Wapagazi waliombeba Gavana kwa machela hadi wakafia njiani hawakuwa na alama nyingine duniani ila sanamu hiyo. Tunu aliona wazi: ikitoswa, nao wamezama.

"Hata akipiga magoti, tunamtazama yeye tu," alisema diwani mmoja, Bwana Kilua.

Tunu aliona haya. Kweli, miaka yote aliyoishughulikia sanamu alikuwa akihangaika na Gavana, si wapagazi.

Ndipo Mama Kabula Mihayo, Mnyamwezi asiyejua kunong'ona, alipojipenyeza mbele. "Nyie Wazigua! Msiba wa babu zangu mmeukalia miaka yote hii bila kumwita mtani? Vua hilo joho!"

Tunu akacheka, akalivua, akamvika Kabula. Mtani hazuiwi msibani.

Kabula akaanza kuigiza kama watani wafanyavyo. Kwanza Gavana: akajilaza kana kwamba yuko machelani, akajipepea, akawalalamikia mbu. Shaba nayo ikajilaza, ikajipepea. Watu wakavunjika mbavu.

Kisha akamwigiza mpagazi. Kitambi cha Gavana kikayeyuka, chepeo yake, ile kofia pana, ikavimba ikawa mzigo kichwani. Kabula akatembea, shingo ikididimia, miguu ikiburuta. Kicheko kikafifia. Mwanamke mmoja akaangua kilio, wengine wakampokea, wakalia kama watu waliofiwa jana.

"Jamani, nitueni!" Kabula alilia.

Tunu akasahau mitambo. Akamkimbilia, akainua mikono kwenye hewa tupu, wakainama pamoja. Nyuma yao shaba ikainama, ikautua mzigo chini, ikanyoosha mgongo. Tunu akazima chembeundi papo hapo ili shaba ibaki hivyo, machozi yakimtiririka.

Bwana Kilua akakohoa. "Sasa... tupige kura?"

"Kura gani msibani?" Kabula akamkaripia. "Mtu katua mzigo, hata maji hamumpi?"

 Diwani akaenda mwenyewe kuyaleta.