Upinde wa Silvestru

Arobaini ya Silvestru ilianza kwa harufu ya mkate. Mjane wake, Paraschiva, alikuwa amekanda unga tangu alfajiri, na majirani waliporudi kutoka makaburini walikuta mikate ya kusuka imepangwa mezani, kila mmoja na mshumaa wake. Pembeni vilikaa vitu vya marehemu: koti la manyoya, viatu, brashi za rangi, na sanduku la fidla.

Katika vijiji vile vya Transilvania, nchini Romania, vitu vya marehemu haviachwi kuozea kabatini. Hupewa mtu aliye hai, mbele ya watu, na mpokeaji akishasema "Mungu amsamehe," basi marehemu naye huko aliko amevipata. Kisichotolewa, hana.

Otilia, binti yao wa pekee, alikuwa amekuja kwa basi kutoka mjini Cluj. Ndiye aliyefunga sanduku la fidla. Mama yake alimuuliza jikoni kama upinde wa kupigia fidla umo, naye akajibu umo. Haukuwemo. Ulikuwa ndani ya begi lake, umeviringishwa kwenye skafu.

Aliutaka kwa ajili ya ukuta wa sebule yake. Maisha yake yote Silvestru alimpigia mkewe fidla kila Jumapili baada ya chakula, na kila majira ya baridi alikaa dirishani akichora picha juu ya vioo. Lakini kila alipokwenda mjini kumwona binti yake, aliombwa kwa sauti ya chini aondoke kabla wageni hawajafika. Aliondoka. Aliacha chupa ya jamu mezani, akashuka ngazi akiimba polepole. Sasa amekufa, na Otilia alitaka wageni walewale wajue kwamba yeye ni mtoto wa mwanamuziki.

Fidla alipewa jirani yao, mzee Gavril.

"Silvestru atanicheka huko," Gavril alisema. "Vidole vyenyewe vinene kama soseji."

"Afadhali akucheke yeye," mkewe akamjibu. "Sisi huku tutalia."

Watu wakacheka. Gavril akainua kifuniko kidogo tu, akachungulia, akamtazama Otilia, akakifunga.

"Mungu amsamehe," akasema.

Jioni ile Paraschiva alimpa binti yake picha ya mwisho ya baba yake. Silvestru amesimama akipiga fidla, Paraschiva ameketi akisikiliza, na katikati yao msichana mdogo mwenye gauni la njano. Ilichorwa kwa nyuma ya kioo, kama zinavyochorwa zote, kisha ikafunikwa kwa ubao ambao Silvestru aliupigilia misumari kwa mkono wake mwenyewe. Otilia akaitundika sebuleni kwake, na upinde akautundika chini yake.

Jumamosi iliyofuata, adhuhuri, alikuwa jikoni akimenya viazi.

Tung.

Sauti ya uzi mmoja wa fidla, umedonolewa kwa kidole. Akadhani ni mtoto wa ghorofa ya juu. Akaendelea na viazi.

Tung.

Ilitoka sebuleni. Akaenda na kisu mkononi. Hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limejaa chumbani, upinde uko palepale ukutani. Ila mkono wa kulia wa baba yake, kwenye picha, ulikuwa mtupu. Otilia alisimama pale muda mrefu akijaribu kukumbuka. Alikuwa ameshika upinde? Alikuwa ameushika. Alikuwa na hakika.

Kesho yake, asubuhi, mama yake akapiga simu. Alisema amemuota Silvestru. Alikuwa amekaa kwenye kigogo, fidla mapajani, anadonoa nyuzi kwa kidole, na kidole kinavuja damu. Alikuwa akirudia swali lilelile.

"Ananiuliza, 'Paraschiva, mbona mmenipa nusu?'" Mama akashusha sauti. "Otilia. Upinde ulikuwemo?"

"Ulikuwemo, mama."

Alisema hivyo mchana kweupe, kwa sauti isiyotetemeka. Akaweka simu chini.

Tung. Tung. Tung.

Akageuka. Mkono kwenye picha ulikuwa umesogea. Sasa uko kwenye nyuzi. Kidole kimepinda. Ncha yake nyekundu.

Hakuvaa hata koti. Aliung'oa upinde ukutani, akashuka ngazi akikimbia, akapanda basi.

Aliwakuta uani kwa Gavril, mama yake na majirani waliotoka kanisani. Alijua hawezi kumpa Gavril kwa siri, kitu cha marehemu hutolewa mbele ya watu. Kwa hiyo alisema mbele yao wote: upinde haukuwemo, aliuficha, na amemdanganya mama yake mara mbili. Mwanamke mmoja akatazama viatu vyake.

Paraschiva hakumgombeza. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaufunika upinde, akawasha mshumaa.

"Toa wewe," alisema. "Mimi nilishatoa, nikidhani natoa kizima."

Otilia akanyoosha mikono. Uso wote ulikuwa unawaka moto. Gavril akapokea, akasema maneno yanayosemwa, kisha akamwinamia sikioni.

"Nilijua siku ileile," alinong'ona. "Nilitegemea utarudi kabla baba yako hajaanza kuuliza."

Aliporudi Cluj, nyumba ilikuwa kimya. Kwenye picha, baba yake alikuwa ameshika upinde, uso wake umetulia.

Otilia akavuta pumzi. Kisha akaona.

Kwenye shavu la msichana wa gauni la njano kulikuwa na alama nyekundu. Alama ya kidole, ndefu kidogo, kama ya mtu aliyempapasa mtoto wake shavuni. Akaifuta kwa kiganja. Haikutoka. Ilikuwa upande wa pili wa kioo.

Akaigeuza picha. Misumari yote ilikuwa mahali pake, ina kutu, haijaguswa. Akaing'oa mmoja mmoja, akauondoa ubao, akaigusa ile alama.

Ilikuwa bado mbichi.