Mgongo Ulioachiwa Rangi

Peleka fremu Loresho, Wangeci aliniambia, mpe mwenyewe mkononi, kisha urudi. Jua lilikuwa linazama upande wa Kangemi nilipoteremka Waiyaki Way na kuingia zile barabara zenye miti, picha imefungwa kwa karatasi ya kaki, nimeibana kwapani.

Mimi na Wangeci tulikuwa na studio katikati ya jiji, ghorofani, juu ya duka la viatu. Yeye kamera, mimi kompyuta. Mwaka huo wa 2006 kila bibi arusi wa Nairobi alitaka picha nyeusi na nyeupe yenye kitu kimoja tu cha rangi: waridi jekundu, tai ya bwana, midomo. Watu walidhani ninapaka rangi. Sipaki. Picha ya rangi nailaza chini, ya kijivu nailaza juu yake, halafu nafuta kijivu pale ninapotaka. Rangi ilikuwapo muda wote, imefunikwa.

Hii niliyobeba nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Ilipigwa Dagoretti kwenye ruracio, sherehe ya Wakikuyu ya kupeleka mahari. Wanawake wamejipanga mstari na vikapu mgongoni, leso za aina moja, vitambaa vya kichwa vya aina moja, wamepigwa kwa nyuma wakiingia langoni. Wangeci alisema mteja anataka mmoja tu abaki na rangi, yule aliye karibu na lango.

"Huyo ni nani?" nilimuuliza.

"Si ni wa client, Kaluki. Wewe futa tu."

Nikafuta asubuhi nzima. Ukiivuta picha karibu hivyo huoni mtu, unaona viraba tu, vile vinukta vya mraba vinavyoiunda picha. Nilifuta kwa mkono wangu huu.

Mlinzi wa lile boma la Loresho alikuwa Mkamba mwenzangu, Muthama. Alinisalimu kwa Kikamba, tukacheka kidogo, kisha akaiona karatasi ya kaki. Kicheko kikaisha.

"Ni wewe umetengeneza hiyo picha?"

"Ni mimi."

"Ingia utoke. Hata ukipewa chai, usikunywe."

Nilimwona mshamba. Wangeci alikuwa akinitania kila siku kwamba uchawi wote wa Kenya uko kwetu Ukambani. Sasa Mkamba mzima aogopeshwe Loresho, kwa watu wenye nyasi za kukatwa na mashine?

Ndani taa hazikuwashwa. Harufu ndiyo iliyonipokea... kali, kama siki. Niliijua. Ni harufu ya zile dawa za kusafishia filamu, enzi za chumba cha giza. Lakini hapa palikuwa sebuleni, kwenye makochi na zulia.

Kuta zilijaa picha. Harusi, mahafali, matanga. Zote nyeusi na nyeupe, na katika kila moja mtu mmoja tu alikuwa na rangi.

"Weka hapo, mum."

Sauti ilitoka kwenye kochi la pembeni. Mwanamke wa makamo, nadhifu, mikono imetulia mapajani. Huyu ndiye Madam Rael, mteja wetu. Aliifungua karatasi polepole. Kra... kra... Akaiweka picha magotini, akamtafuta yule mwanamke wa langoni, akamwekea kidole gumba mgongoni. Akamsugua.

Nikahisi kidole gumba mgongoni mwangu.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

Akasugua tena.

Kikanisugua tena, palepale chini ya bega. Baridi.

"Siku hiyo ulisimama karibu na gate," akanong'ona. "Ama nimekosea?"

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimeenda Dagoretti kumshikia Wangeci taa. Mstari wa wanawake ulipungukiwa na mtu, Wangeci akanitupia leso: vaa haraka, ujaze laini. Nikavaa, yeye akinifunga kiunoni. Nikajitwika kikapu, nikaingia nao nikiimba wimbo nisiojua maneno yake. Yaani nilikuwa mimi. Mimi niliyewafutia mikunjo ya uso nusu ya wakazi wa jiji hili, na mgongo wangu mwenyewe sikuujua. Nani anaujua wake?

"Wangeci alisema hutajijua," Madam Rael akaendelea, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Mwenye rangi lazima aifunue mwenyewe, na mkono yake. Ukimlazimisha, haishiki."

"Rangi ya nini?"

"Mtoto wake hana damu. Ulidhani itatoka wapi?"

Mtoto huyo ni Becky, binti wa Wangeci. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, viganja vyeupe, midomo imepauka, kila mwezi hospitalini. Mimi ndiye niliyemshika akibatizwa. Wangeci akiwa na harusi ya kupiga, mimi ndiye niliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Nilimpenda mtoto yule, nalisema bila aibu. Na mama yake aliyajua hayo yote alipokuwa akinifunga leso kiunoni.

Nilikimbia.

Bogonvilia iliyochanua ukutani, niliyoipita ikiwa ya zambarau, ilikuwa ya kijivu. Ni giza linaingia, nikajiambia. Langoni Muthama alinifungulia bila kuniangalia usoni.

"Hizo vitu hurudi?" nikamuuliza.

Aligeuka kwanza kutazama nyumba.

"Hurudi na njia ile ile. Lakini usiniulize zaidi."

Nikafika Waiyaki Way. Magari yalikuwa yamekwama, msururu mrefu, kila mmoja amekanyaga breki. Nikatazama taa zao za nyuma, zote.

Kijivu.

Asubuhi nilienda kwa Wangeci, Dagoretti. Nilipita mabuchari yaliyopangana pale sokoni. Nyama zilining'inia zikiwa na rangi ya saruji, na damu iliyotiririka mtaroni ilionekana kama maji ya kuoshea masufuria. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilinivalisha nguo yenyewe, kikaniambia nimependeza.

Alifungua mlango, akaniona, akajua.

"Kaluki... wacha nikuambie."

"Uniambie nini? Ulinipiga picha. Ukanipa nijifute mwenyewe."

"Daktari alikuwa amesema tungoje tu. Unajua hiyo neno inamaanisha nini? Tungoje!" Machozi yalimtoka. "Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

"Ningekuomba."

"Na ungekubali?"

Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Pengine ningekubali. Pengine ningeketi mbele ya ile kompyuta nikijua, nikafuta kwa hiari yangu, kwa ajili ya mtoto. Wangeci hakunipa hata nafasi hiyo. Aliniibia rangi, akaniibia na wema wangu.

"Sijui," nikasema. "Na sasa hatutawahi kujua."

Becky akatoka chumbani mbio.

Mungu wangu.

Nyumba nzima ilikuwa kijivu, kochi, pazia, mama yake. Yeye peke yake alikuwa na rangi. Gauni la manjano. Midomo. Ngozi yake ya kahawia iking'aa mashavuni. Akaninyooshea viganja.

"Aunty, ona! Zimekuwa pink!"

Akanishika mkono. Na pale aliponishika, vidole vyangu vikawa vya kahawia. Vikapata joto. Nikamkaza. Sikukusudia, lakini nilimkaza, mpaka mtoto akasema, "Aunty, unaniumiza." Wangeci akamvuta nyuma yake na kusimama kati yetu. Vidole vikarudi kijivu.

Daktari wa macho anasema macho yangu ni mazima. Studio sikuiacha. Niende wapi, na kazi ninayoijua ni hii? Wateja wanasema picha zangu nyeusi na nyeupe siku hizi hazina mfano. Wangeci hunisifu mbele yao, ananinunulia chakula cha mchana, ananiita dada. Lakini haniachii Becky hata anapokwenda chooni tu. Zamani aliniachia usiku kucha. Mimi hutabasamu, namwambia yaliyopita si ndwele.

Jana Wangeci alikwama kwenye harusi Lavington. Basi la shule likamshusha Becky studioni kwetu, akapanda ngazi mwenyewe, rangi yake ikiingia mlangoni kabla hata sijasikia hatua. Akaja akasimama begani pangu.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha niliyoipiga wiki iliyopita nje ya shule yao. Watoto wamepanga mstari kuingia darasani, sweta za aina moja, mifuko ya aina moja, wametupa migongo. Nilikuwa nimekwisha kuilaza ya kijivu juu. Ilibaki kufuta tu.

"Aunty, naeza jaribu?"

Nilisikiliza ngazi. Hapakuwa na mtu anayepanda.

Nikaivuta picha karibu, kwenye mtoto wa mwisho mstarini, karibu kabisa, hadi vikaonekana viraba.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mtoto wa watu," nikamwambia, na nikamvutia kiti.