Jani la Sale Ndani ya Kompyuta

Haya alinisimulia Amon, fundi wa kompyuta pale Pasua, na Amon si mtu wa porojo.

Mwaka 2004 Fabian wa Kilema alimwita nyumbani kwake. Kompyuta ya kuungaunga, iliyoachwa na marehemu mdogo wake Crispin, ilikuwa inakwama kila akicheza gemu la magari. Ilikuwa saa nane mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka migombani mpaka sebuleni kukawa giza.

Amon alibadilisha memori, akafuta gemu na kuliweka upya. Gari likazidi kusuasua. Ndani ya boksi feni ilikuwa inakwaruza: kwaru, kwaru.

Akafungua skrubu zilizoshika kutu. Feni ilikuwa inakwaruza jani la sale, bichi, limefungwa fundo, lina umande.

Kwetu ukiletewa jani hilo unasamehe, hata kama roho haitaki. Crispin alimletea kaka yake mara mbili kabla hajafa, na mara zote mbili Fabian alilitupa kwenye samadi. Jani alilikataa, kompyuta akaichukua.

"Umeliweka wewe, kaka?" Amon aliuliza.

"Litoe, ufunge," Fabian alijibu bila kumtazama.

Amon akalitoa, akaliweka mezani, akafunga boksi. Gari likakimbia vizuri raundi nzima. Halafu, kwaru, kwaru.

Akafungua tena. Jani la kwanza lilikuwa bado mezani. Ndani kulikuwa na la pili, nalo lilikuwa na umande.