Kipimo cha Kubuni

Likizo ya Agosti, kila asubuhi, Muhsina ndiye aliyetangulia kufika katika kituo cha utafiti cha Msambweni, ambako klabu ya sayansi ya shule yao ilikuwa ikijifunza.

"Shikamoo, Bwana Abdulrahim."

"Marahaba, mwanangu. Washa leza, ungoje nusu saa ipate moto, ndipo upime," fundi wa maabara alimwambia kama kawaida.

Hadubini ya kituo ilipitisha mwale wa leza juu ya kitu kidogo, nukta kwa nukta, mpaka picha ikamilike kwenye kompyuta. Mwale ukidhoofika, picha hujaa chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Kazi ya Muhsina ilikuwa kupima nguvu ya mwale na kuiandika daftarini. Siku ya kwanza alipata miliwati kumi na mbili. Ya pili, kumi na mbili. Ya tatu, zile zile. Nusu saa nzima kungojea namba moja? Aka! Tangu siku ya nne aliandika kumi na mbili bila hata kukigusa kipimo, akaenda zake kupiga soga.

Ikafika zamu ya Nthambi, binti wa mkata miwa wa Ramisi. Miezi miwili alilea konokono wa kichocho ndani ya beseni, akapata kipande kimoja tu kizuri cha konokono, akakitia rangi ili picha yake ipelekwe kwenye mashindano ya sayansi. Picha ikatoka chenga tupu.

Bwana Abdulrahim akafungua daftari. "Leza ni kumi na mbili, haina neno. Nthambi, umekiharibu kipande ulipokitia rangi."

"Nilifuata kila hatua, Bwana," Nthambi alisema.

Muhsina alijua. Hakuwa ameipima leza, lakini mdomo wake, wallahi, haukuona haya. "Mikono ya kukata miwa itajulia wapi kutia rangi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Jina la Nthambi likafutwa kwenye orodha ya mashindano, la Muhsina likaandikwa mahali pake. Kipande kikatupwa pipani mbele ya mwenyewe. Nthambi alilia mpaka akashikwa na kwikwi, na hakuna aliyemwendea.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi stima zilipotea Msambweni nzima tangu alfajiri mpaka magharibi, kituo kikakosa umeme, kikafungwa. Ijumaa Muhsina aliona mstari wa jana mtupu, naye, kwa mazoea, akaujaza: kumi na mbili.

Bwana Abdulrahim aliusoma mstari ule mara mbili. "Muhsina, jana leza uliiwasha kwa nini? Kwa mshumaa?"

Fundi akaingoja leza ipate moto, akaweka kipimo chini ya lenzi. Miliwati nne, zikipanda na kushuka. Akasafisha vioo, akaulenga mwale upya mpaka ukatulia kwenye kumi na mbili za kweli. Kisha akapiga picha ya kipande kimoja mara nane, kompyuta ikatoa wastani wake, chenga zikatoweka. Lakini konokono aliyeonekana alikuwa wa mwanafunzi mwingine.

Mchana ule ule alimpeleka Muhsina Ramisi. Walimkuta Nthambi akisugua beseni tupu.

"Mwanangu, nami nimekosa," fundi alisema. "Niliamini daftari, sikupima mwenyewe."

"Nisamehe, Nthambi," Muhsina alinong'ona.

"Mwisho wa kupokea picha za mashindano ulikuwa saa mbili leo," Nthambi alijibu. "Ulinidhihaki mpaka wote wakanicheka." Akaendelea kusugua, hakumtazama tena.

Muhsina akaanza kulia. Bwana Abdulrahim hakumbembeleza.

"Lia, mwanangu, lakini usikie," alisema. "Anayesoma kipimo chako hakuwepo ulipokiandika, amekuamini tu. Wewe uliona uvivu wa nusu saa, mwenzio akapoteza miezi miwili. Kuanzia kesho utapima mbele yake, kila siku, kama atakubali kurudi. Na asipokubali, usithubutu kumlaumu."