Mlio Ndani ya Mwanzi

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni, akaosha vyombo, akamkuta baba yake amelala kitini na unga kwenye nyusi. Baba alikuwa mwokaji mikate. Aliamka wakati wengine wanageukia ubavu wa pili, na miguu yake ilivimba kwa kusimama mbele ya tanuri. Jina la Chiriku, ndege mdogo asiyekoma kulia, ni baba aliyempa, kwa kuwa mtoto huyu hakujua kunyamaza.

Juma lile baba alinunua mwanzi wa zamani wa kuvulia samaki kwa muuza mitumba. Haukuwa mwanzi mzima. Ulikuwa vipande sita vyembamba vilivyochongwa na kugandishwa kwa gundi, vikawa fimbo moja yenye pande sita. Vanishi ilikuwa imebabuka, na nyuzi zilizoshikilia vipete vya kupitishia mshipi zilikuwa zimeoza.

“Jumapili nina mapumziko,” baba alisema. “Ya kwanza tangu mvua zianze. Tutakwenda bwawani. Wewe una vidole vyepesi, kwa hiyo kwangua vanishi, piga msasa, funga nyuzi mpya. Lakini kabla ya kufunga, ukunje kidogo karibu na sikio. Ukisikia ta, ujue gundi imeachia ndani. Niambie.”

Chiriku alikwangua mpaka vidole vikafa ganzi. Alhamisi akaukunja mwanzi karibu na sikio. Ta. Akarudia, akitumaini amekosea. Ta.

Alijua maana yake: kutia gundi upya, kubana, kungoja ikauke. Jumapili ingepita hivi hivi. Tena usingizi ulikuwa umemlemea. Akachukua uzi mwekundu, akauzungusha juu ya mahali pale, kisha akapaka vanishi.

“Samaki wakiuona uzi huo watadhani wamealikwa harusini,” mdogo wake alisema. Chiriku hakucheka.

Jumamosi jioni baba aliugeuzageuza mwanzi chini ya taa.

“Kazi safi. Uliusikiliza?”

“Ndiyo, baba.”

“Nao mwanzi ukasemaje?”

“Haukusema kitu.”

Baba akaridhika, akaenda kulala bila hata kuvua soksi.

Asubuhi Chiriku alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amesinzia. Akawaza: mtu huyu atatembea na miguu hiyo hadi bwawani, kisha samaki wa kwanza atakapovuta, mwanzi utamvunjikia mkononi.

“Baba.”

“Mh. Nimeamka.”

“Mwanzi ulisema. Ulisema ta, nikaufunika kwa uzi. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka twende.”

Baba hakugomba. Aliukunja mwanzi, akasikiliza, kisha akavua taratibu kile kiatu kimoja. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi.

“Lete wembe,” baba akasema.

Walikata uzi mwekundu. Chini yake vipande viwili vilikuwa vimeachana kwa urefu wa kidole. Baba akapenyeza gundi kwa njiti ya kiberiti, wakabana kwa kamba, wakautundika mwanzi ukutani. Kisha baba akalala hadi jioni.

“Basi samaki nao wamepata Jumapili yao,” mdogo wake akasema.

Mapumziko mengine yalichelewa kuja. Yalipokuja, walikwenda bwawani, na samaki wa kwanza akaupinda mwanzi hata ncha yake ikagusa maji. Chiriku alitega sikio. Mwanzi ulikuwa kimya.

Baba alimtoa samaki kwenye ndoana, akaketi juu ya jiwe na kunyoosha miguu.

“Kuchoka si kosa, mwanangu. Mimi huchoka kila siku. Lakini unga haujui kwamba nimechoka. Nikisahau hamira, mkate hauumuki. Mwanzi nao ni vivyo hivyo. Ukichoka, sema, tusaidiane au tuache hadi kesho. Usifunike ufa kwa uzi mzuri ukamwachia mwenzako aje kuugundua.”

“Ndiyo, baba.”

“Ajabu ni kwamba siku niliyokuhitaji uwe chiriku, ndiyo siku uliyonyamaza.”

Akampa mwanzi.

“Shika wewe. Ukisikia lolote, niambie.”

Kabla hajajibiwa, alikuwa amelala.